Halbadiri ya Wanamaji

Kila Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Muhdhar alipika halua na kuichambua mechi ya Jumapili, na mtaa mzima wa Langoni, kisiwani Amu, ulijua kwamba kazi hizo mbili hazitenganiki. Halua ya Amu haiachwi. Ukishamimina wanga kwenye sukari na kutia mwiko, ni kukoroga saa mbili, pengine tatu, bila kupumzika, la sivyo inashika chini na jasho lako lote linakuwa la bure. Sasa mtu aliyefungwa na mwiko muda wote huo afanye nini kama si kusema? Muhdhar alisema mpira, tena mpira wa timu moja tu, Wanamaji ya Mombasa. Wateja wa halua ya Ijumaa walikuja saa nzima kabla haijaiva, wakajipanga kwenye baraza ya nyumba ya pili, wakamsikiliza.

Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mwembamba, mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto kwa ajili ya ule mwiko. Wanamaji aliipenda tangu zama za kusikiliza mechi kwenye redio yenye waya uliofungwa dirishani. Lakini miaka minne iliyopita mapenzi hayo yaliingia damuni. Harith, mtoto wa dada yake Mwana aliyeolewa Siyu, alisajiliwa na Wanamaji kucheza kiungo wa kushoto. Kijana huyo aliletwa Amu akiwa na miaka minane ili asome, akalelewa na Muhdhar na mkewe Raihana kama mtoto wao wa kumzaa, na mpira wake wa kwanza alinunuliwa na mjomba. Kwa hiyo Wanamaji walipofungwa, Muhdhar hakuwa shabiki tu aliyeudhika. Alikuwa mtu aliyetukanwa nyumbani kwake.

Alhamisi hii alikoroga kama anayemwadhibu mtu ndani ya sufuria.

Wanamaji walikuwa wa pili kutoka mkiani. Jumapili wangecheza mechi ya mwisho ya msimu, ugenini, na Nyati FC, na wasiposhinda wangeshuka daraja. Hilo peke yake lingetosha kumharibia mtu chakula. Lakini jana yake, Jumatano, Harith alipiga simu kama apigavyo kila Jumatano jioni, akamwambia mjomba wake kwamba klabu imemsimamisha. Katika mechi tatu mfululizo, wapinzani walionekana kujua mambo ya ndani ya Wanamaji. Wa kwanza walimkimbilia beki wa kulia tangu dakika ya kwanza, na ni kweli goti lake lilikuwa bovu, ila hakuna aliyetangaziwa. Wa pili, kipa wao aliruka upande uleule wa penalti kabla mpigaji hajainua mguu. Wa tatu waliisubiri kona fupi ambayo timu iliifanyia mazoezi wiki nzima na milango imefungwa. Kocha akauliza ni nani anayetoa siri. Mtu akakumbuka kwamba Harith kila Jumatano hujitenga nyuma ya bweni na simu, akisema kwa sauti ya chini lugha ya kwao ambayo wenzake hawaishiki vizuri. Basi, mchawi amepatikana. Amepewa mpaka Jumamosi asubuhi ajieleze, na asipoeleza, mkataba wake unachanwa na jina lake linapelekwa kwa wakubwa wa ligi.

"Wametuuza," Muhdhar aliwaambia waliokaa barazani, baada ya kuwasimulia yote. "Miaka minne mtoto anawatezea na maumivu ya mguu, leo wamwita khaini. Khaini ni wao."

Kisha akaichambua mechi, na hakuna mchambuzi aliyewahi kuichambua timu yake mwenyewe kwa chuki kama ile. Nyati watashinda tatu bila, alisema, na la tatu litaingia watu wakiwa njiani kurudi nyumbani. Mshambuliaji wa Wanamaji hana tofauti na mlingoti, ila mlingoti hausimami kwenye kuotea. Nahodha anakimbia kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Na kocha, huyo kocha mwenye kuwatilia shaka watoto wa watu, ameingiwa na woga mpaka atapanga mabeki watano, naye hajawahi kupanga watano tangu aje, na kipa namba moja atacheza na kidole cha mkono wa kulia kilichovunjika, kimefungwa bandeji ndani ya glovu, hawezi kudaka mpira wa juu upande huo hata akitupiwa na mtoto.

Watu wakasikitika. Hakuna aliyeuliza amejuaje, maana wote walijua amejuaje. Harith alimwambia. Hata akiwa amesimamishwa, wenzake wawili waliomwamini walimpa habari, naye jana aliufungua moyo wake wote kwa mjomba, akalia, akamaliza kwa kusema, "Mjomba, haya ni yangu na yako." Muhdhar akamjibu kwamba yeye ni kaburi.

Na wallahi alijiona kaburi. Alivyojua Muhdhar, nje ilianzia gatini, pale mtu anapopanda boti. Huku ndani ya mtaa, kwenye baraza ambayo alikaa na watu walewale kwa miaka thelathini, watu walioswali pamoja naye na kumzikia wazazi wake, kulikuwa ndani. Mtu akisema mbele ya ndugu zake hajasema nje. Hata alipoahidi kuficha, alikuwa anaahidi kuwaficha watu wa Nakuru na Kisumu. Haikumpitia akilini kwamba watu wa Langoni nao wanahesabiwa.

Aliyekaa karibu kabisa na sufuria, kama kila Alhamisi, alikuwa Husein, rafiki yake tangu chuo cha Kurani, mwalimu mstaafu mwenye shati la mifuko miwili. Alikuwa akiitazama samli inavyopanda juu ya halua.

Muhdhar alipofika mwisho wa uchambuzi, hasira haikuwa imepungua. Akaomba watu wamsikilize. Kuna mtu, akasema, anazitoa siri za Wanamaji na kumwachia mtoto wake mzigo. Mtu huyo yuko wapi, Mombasa, Nairobi, ndani ya timu, yeye hajui. Lakini Mungu anajua. Kwa hiyo kesho Ijumaa, baada ya alasiri, anamsomea halbadiri.

Halbadiri si jambo la mpira. Ni dua inayotaja majina ya mashujaa wa vita vya Badri, husomwa kumshitakia Mungu mwizi au khaini asiyejulikana, na hakuna mtu wa Amu asiyekuwa na hadithi ya fulani aliyevimba tumbo au kupofuka baada ya kusomewa. Ndiyo maana hutangazwa kabla. Mara nyingi mwenye kosa hujitokeza mwenyewe, akarudisha alichochukua, na kitabu hakifunguliwi. Mtu mmoja akamwambia Bwana Muhdhar afikiri. Akajibu kwamba amefikiri tangu jana mpaka mato yanamuuma kwa kukosa usingizi. Basi watu wakaitikia amin, mmoja mmoja, na Husein akaitikia wa mwisho.

Nyumbani Raihana alimwuliza kama ni kweli aliyoyasikia dirishani. Alipomwambia ni kweli, mkewe akasema kwamba yeye angetafuta kwanza ndani ya nyumba kabla ya kuwashitaki watu wa mbali kwa Mungu. Muhdhar akamwuliza ana maana gani. Raihana akasema hana maana yoyote, akaenda kupakua wali. Kwa hilo pia Muhdhar akajiona amesalitiwa, akala kidogo.

Asubuhi ya Ijumaa alikuwa tena mbele ya sufuria, maana kulikuwa na halua ya harusi ya Jumamosi. Baraza ilikuwa tupu. Watu wako kazini. Wanga ulikuwa umeshaanza kushikana, pale ambapo mwiko unakuwa mzito na huwezi kuuachia hata kwa kupenga kamasi, ndipo Husein alipotokea kwenye kona, akiwa amevaa kanzu ya Ijumaa saa nne ya asubuhi.

Hakukaa. Alisimama upande wa pili wa moto, na Muhdhar baadaye alielewa kwamba aliuchagua wakati ule kusudi, wakati ambao mwenzake hawezi kumkamata shingo.

"Usisome, ndugu yangu," Husein alisema. "Huyo mtu ni mimi."

Muhdhar akaendelea kukoroga. Husein akaeleza yote bila kumtazama usoni. Binti yake Thuraya anafanya kazi Nairobi, na mwaka wake wa kwanza kule alikuwa akilia kila siku kwa kukosa nyumbani. Alhamisi moja Husein akaiweka simu kwenye mfuko wa shati, ikarekodi Muhdhar anavyosema, na mwiko unavyosugua shaba ya sufuria, na watu wanavyocheka, akampelekea. Thuraya akasikiliza mara tatu, akalia vizuri, akaomba tena. Tangu hapo kila Alhamisi. Binti akawasikilizisha wenzake kazini, wakampenda huyo mzee wa halua, wakamwambia aweke mtandaoni. Akafungua ukurasa. Sasa watu elfu kumi na moja wanausikiliza kila wiki, na wengine wao ni watu wa mpira, na wengine ni watu wa timu pinzani. Thuraya hakujua kuna siri. Alidhani ni uchambuzi tu. Wala Husein hakujua, mpaka jana aliposikia habari ya goti na penalti na kona, akakumbuka kwamba yote matatu aliwahi kuyasikia hapahapa, Alhamisi kabla ya mechi.

"Na ya jana?" Muhdhar aliuliza.

Husein akasema ya jana aliituma palepale, kabla hajakaa akafikiri. Aliporudi nyumbani alimpigia Thuraya aiondoe, akaiondoa, lakini ilikuwa imeshasikilizwa na watu elfu mbili.

Mabeki watano. Kidole cha kipa. Muhdhar aliuona mwiko wenyewe ukisimama katikati ya sufuria, na mkono wake haupo. Alikuwa amekwisha kuuachia. Akamwambia Husein maneno ambayo baina yao hayakuwahi kusemwa kwa miaka arubaini: kwamba amekula naye, amemsimamia harusi ya kaka yake, amempa siri zake zote, kumbe alikuwa amekaa na mwizi mwenye sikio mfukoni. Husein hakujitetea. Alisema tu kwamba ndiyo, ni kweli, na kwamba lau angeomba ruhusa asingenyimwa, na hilo ndilo linalomuuma. Harufu ya sukari iliyoungua ikaanza kupanda. Halua ya harusi ya watu ilikuwa imeshika chini, na wote wawili waliisikia na hakuna aliyeinama.

Muhdhar aliondoka vilevile na majivu kwenye mikono, akaelekea chuoni kwa Maalim Abdulqadir, ambaye ndiye angesoma. Njiani alishapanga kila kitu. Halbadiri haina haja tena, khaini kapatikana. Atampigia Harith, atamtajia jina la Husein na la binti yake, Harith ataipeleka habari kwa klabu, klabu itaona aibu na kumwomba radhi, na Jumapili mtoto atacheza. Alihisi moyo wake mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Kusalitiwa na rafiki ni maumivu, ila yalikuwa maumivu safi, ya mtu asiye na kosa.

Maalim alikuwa ameketi mlangoni mwa chuo akikagua mbao za watoto. Muhdhar akamwambia kitabu kisifunguliwe, mwenyewe ameshajitokeza. Maalim akasema alhamdulillahi, akamwuliza kama mwenye kudhulumiwa amejulishwa. Bado. Basi mjulishe sasa, Maalim akasema, hapahapa, jambo liishe.

Akapiga. Harith akapokea kabla simu haijalia mara mbili, sauti ya mtu aliyekuwa amekaa na simu mkononi. Muhdhar akamwambia furahi, mwanangu, khaini tumemtia mkononi. Ni Husein. Alikuwa ananirekodi kwa siri na kumpelekea Thuraya, naye akaitia mtandaoni, na ndiko walikoisikia wale.

"Alikuwa akirekodi nini, Mjomba?" Harith aliuliza.

"Maneno yangu. Pale sufuriani. Ule uchambuzi wa Alhamisi."

"Na ulikuwa ukisema nini?"

Muhdhar akafungua mdomo. Alitaka kusema mpira, alikuwa akisema mpira tu. Mbele yake Maalim alikuwa ameacha kufuta ubao, amemtazama. Na hapo ndipo yale yote aliyoyasema kwa wiki tatu yalimrudia kwa sauti yake mwenyewe, goti, penalti, kona, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa na Jumatano yake, na kila Jumatano ilikuwa na kijana aliyejibanza nyuma ya bweni akimwambia mtu mmoja duniani.

"Niliyasema," alisema. "Mambo uliyoniambia. Niliyasema mbele ya watu wetu. Sikudhani nimesema nde ya mtaa."

Harith hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza. Alisema kwamba Jumatatu klabu ilipomwuliza anazungumza na nani kila wiki, aliwaambia ni mjomba wake. Wakamwambia basi labda ni huyo mjomba. Akaletewa msahafu.

"Niliapa, Mjomba. Niliweka mkono juu yake nikaapa kwamba wewe hutoi neno. Jina langu sikuliapia. Niliapia lako."

Muhdhar akajikuta amekaa chini, kwenye kizingiti, palepale wanapovua viatu watoto. Akamwomba Harith ampe simu meneja wa timu. Harith akasita, kisha akasema atamwunganisha. Meneja alipokuja, Muhdhar alieleza upya kutoka mwanzo, na safari hii jina la Husein hakulitaja kabisa. Alisema siri zilitoka kinywani mwake, Muhdhar bin fulani, mpishi wa halua wa Langoni, kwamba kijana alimwamini kama baba na yeye akazitangaza barazani mpaka zikafika mtandaoni. Alitaja na za jana, mabeki watano na kidole, ili wajue zimeshafika kwa Nyati. Meneja akamtukana tusi moja, la nguvu, na Muhdhar akalipokea akasema ahsante. Mwisho akaulizwa kama anaweza kuyasema hayo kwa sauti yake palepale mtandaoni yalipotokea, ili watu wote wayasikie. Akasema anaweza.

Simu ilipokatika, Maalim akarudi kwenye ubao wake. Alimwambia kwamba kitabu kitabaki kabatini, na kwamba asichelewe sala ya Ijumaa. Hakumwambia zaidi, na Muhdhar alitamani angemwambia.

Baada ya sala alikwenda kwa Husein. Alimkuta amekaa ukumbini peke yake. Akamwambia atoe ile simu, aiweke mfukoni kama kawaida yake, amrekodi. Husein akatoa, na Muhdhar akasema kila kitu kwa dakika nne, bila mwiko, bila kicheko cha watu, na ikapelekwa Nairobi, na Thuraya akaiweka. Kabla ya magharibi ilikuwa imesikilizwa na watu wengi kuliko uchambuzi wowote aliowahi kuutoa. Raihana naye aliisikiliza kwenye simu ya jirani. Hakusema nilikwambia. Alimpashia chakula.

Jumamosi asubuhi, kwenye ukurasa wa klabu, jina la Harith lilirudishwa katika orodha ya wanaosafiri. Mwana alipiga simu kutoka Siyu akilia kwa furaha, akimshukuru kaka yake kwa alivyompigania mtoto. Muhdhar akamwambia hakupigana na mtu. Akampigia Harith mara mbili. Mara ya kwanza ililia mpaka ikakatika. Mara ya pili ukaja ujumbe mfupi wa maandishi: Tuko ndiani, Mjomba. Salamu kwa mama Raihana.

Halua ya harusi ilibidi ipikwe upya, kwa hiyo mchana huo sufuria ilikuwa motoni, na watu wakaja. Walikuja wengi kuliko Alhamisi, wengine hata halua hawali. Husein naye akaja, akakaa mbali kidogo na mahali pake, simu ameishika mkononi ionekane imezimwa. Hakuna aliyetaja lolote, maana Amu inajua kunyamaza ikitaka. Waliongea bei ya mkaa, waliongea bibi harusi anatoka nyumba gani. Halua ikaanza kushikana. Mwishowe mmoja akashindwa kuvumilia, akauliza kwa upole kabisa, kama anayemwuliza mgonjwa habari za homa, je, Bwana Muhdhar, kesho Wanamaji watapanga vipi, na Harith ataanza au atakaa benchi?

Muhdhar alizungusha mwiko mara moja, akaukwangua upande wa shaba.

"Sijui," alisema.

Wakacheka, wakagusana mabega, wakaambiana kwamba mzee sasa amejifunza kufunga mdomo, hata ukimbana hatoi. Mmoja akasema vizuri, hivyo ndivyo. Muhdhar hakuwarekebisha. Aliinamia sufuria na kuendelea kukoroga, na hakuwa na kitu chochote cha kuficha, kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia kitu.